Likizo ya Jangwani Hupangwa na Wawili



Wengi wetu hapa Ziwa la Ng'ombe husafiri kila mwaka, lakini ni wachache wanaosafiri ili kupumzika. Tunapanda basi kwenda bara kwa sababu kuna msiba, kuna mahari ya kupeleka, au mzee ni mgonjwa. Ndiyo maana mume na mke wakipata nafasi ya kwenda mahali kwa ajili yao wenyewe, hawajui waanzie wapi. Somo letu la leo ni juu ya kupanga likizo ya watu wawili. Nitachukua mfano wa safari ya kaskazini mwa Kenya, nchi ya majangwa na wachungaji wa ng'ombe na ngamia, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Kosa langu

Nilipokuwa kijana nilipenda sana filamu za kauboi: kofia pana, farasi, na makundi ya ng'ombe yakitimua vumbi. Baadaye nilifahamu kwamba nchi ya ng'ombe na vumbi tunayo hapa hapa Kenya. Hata ng'ombe aina ya Boran, ambao siku hizi wanafugwa mpaka Afrika Kusini na Australia, asili yao ni kwa wafugaji wa Kiborana. Nikatamani kuiona nchi hiyo. Kwa miaka miwili niliweka akiba bila kumwambia mke wangu, nikapanga kila kitu peke yangu: Isiolo, Marsabit, jangwa la Chalbi, Ziwa Turkana, na kurudi kwa njia ya Maralal, siku kumi. Siku tulipotimiza miaka 20 ya ndoa nikamwekea karatasi mezani, nikangoja afurahi.

Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja. Akasema, "Baba watoto, tangu unioe safari zetu zote ni za matanga. Hii ya kwanza ya furaha, nayo umeniamulia." Kisha akaniuliza kama pesa zile zilikuwapo mwezi ule alipokopa kwenye chama ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa karo. Zilikuwapo. Sikuwa na la kujibu.

Mwaka ule hatukusafiri. Tulilipa deni la chama kwanza. Mwaka uliofuata tulikwenda, lakini kwa safari nyingine tuliyoipanga sote wawili. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Anzeni na haja ya moyo, si mahali

Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu anayoyataka katika likizo. Mimi niliandika jangwa, ng'ombe na ziwa. Mke wangu aliandika: kulala mpaka jua litoke, kutopika, na kutofunga mizigo kila asubuhi. Tazameni tofauti hiyo! Mipango yangu ya kwanza ingempa kazi ya siku kumi. Basi tuliliacha Ziwa Turkana. Kutoka barabara ya lami pale Laisamis hadi Loiyangalani ni kilomita zipatazo 200 za changarawe, na ziwa halitahama. Tukachagua kukaa usiku tatu mahali pamoja, Marsabit, na siku moja tu ya kwenda Chalbi.

2. Fedha ziwekwe mezani

Akiba ya siri ni siri hata kama nia yake ni njema. Hesabuni pamoja nauli, malazi, chakula, gari la kukodi, na fungu la dharura. Fedha za karo na za dawa zisiguswe, wala msikope ili kwenda kupumzika, kwa maana mtarudi mmechoka kuliko mlivyokwenda. Watoto nao ni sehemu ya hesabu. Wetu tuliwaacha kwa shangazi yao, na matumizi yao tuliyatoa kabla ya kukata tiketi.

3. Ijueni njia

Kutoka kwetu ni kuvuka daraja la Nyali hadi Miritini, mahali pa treni iliyoanza mwaka 2017. Kabla ya Voi mtapita Taru. Msiipite mkiwa mmelala! Ile ni nyika kavu ambayo wajenzi wa reli ya kwanza, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, walilazimika kuletewa maji kwa treni. Treni ya leo huishia Syokimau, si katikati ya jiji la Nairobi, kwa hiyo pangeni mapema namna ya kufika kwenye basi la Isiolo. Kutoka Isiolo barabara ya kwenda Marsabit hadi Moyale sasa ni lami, ambapo zamani watu walisafiri juu ya malori.

Chagueni miezi ya ukavu: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, nyeupe kwa chumvi. Mvua ikinyesha hugeuka tope, na gari hunasa. Msiende huko bila dereva mwenyeji, magurudumu mawili ya akiba, na maji yasiyopungua lita tano kwa kila mtu kwa siku. Beba sweta pia, kwa sababu mji wa Marsabit uko mlimani penye msitu na ukungu, na usiku kuna baridi. Kabla ya kutoka mjini ulizeni polisi na wenyeji kuhusu usalama, kwani wizi wa mifugo huleta mapigano katika sehemu kadhaa.

Tena, msimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi mno ilikufa. Yule mnayemwona amesimama na ngamia wachache huenda alikuwa na kundi kubwa. Mwamkieni, mwulizeni hali ya malisho, kama mnavyotaka kuulizwa habari za nyumbani kwenu.

4. Nyumba haihami bila mama

Ukingoni mwa Chalbi tulifika kwenye kijiji cha Warendille. Nyumba zao ni za fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka na ngozi. Dereva wetu alitueleza kwamba mwanamke ndiye anayeijenga nyumba, na wakati wa kuhama yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Mume aweza kutembea mbali akaona malisho mazuri, lakini nyumba haiendi huko mpaka mke afungue kamba zake. Mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikatazama chini.

Wakati wa kurudi gurudumu lilipasuka, jua likiwa kichwani. Nilianza kumfokea dereva. Mke wangu akanipa chupa ya maji, akasema, "Kunywa kwanza." Nikanywa, na hasira ikaniisha. Wakati dereva akifunga gurudumu, sisi wawili tuliketi kwenye kivuli cha gari, tukazungumza karibu saa nzima bila mtoto kuita wala simu kulia. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulikuwa tumefanya hivyo.

Ndugu, si kila mtu ataweza kufika Marsabit. Kama uwezo wenu ni wa kufika Voi na kurudi, nendeni Voi. Lakini kabla ya kutaja mahali, muulize mwenzako amechoka nini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Safari yetu ya mwisho isiyo ya msiba ilikuwa lini, na nani aliipanga?
2. Je, kuna fedha ninazoziweka ambazo mwenzangu hazijui? Kwa nini?
3. Mwenzangu anahitaji kupumzika kutokana na kazi gani? Je, nimewahi kumwuliza?