Geuza Jani Kwanza: Mwarobaini Dhidi ya Utitiri wa Nyanya

Wakati wa kiangazi, majani ya nyanya hupata vidoa vya njano, kisha hukauka. Katika vikundi tunavyovitembelea, wengi hudhani ni ukame. Wengine hununua dawa ya wadudu na kupulizia tena na tena, hadi fedha za ada zinaisha na nyanya bado zinakufa.

Mtambue adui

Geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vidoa vyekundu vinavyotembea na utando mwembamba, huyo ni utitiri mwekundu. Ana miguu 8, ni wa jamii ya buibui. Ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zinawaua viumbe wanaomla, naye huzidi kuongezeka.

Kutengeneza dawa

1. Kausha mbegu za mwarobaini kivulini. Tupa zenye ukungu.
2. Menya upate nusu kilo ya viini. Twanga kwa kinu kisichotumika kwa chakula.
3. Loweka usiku kucha katika lita 10 za maji.
4. Chuja kwa kitambaa, kisha ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa, ili dawa ishike kwenye majani.

Kupulizia

Jaribu kwanza kwenye miche michache, usubiri siku 2 kuona kama majani hayaungui. Pulizia jioni, kwa kuwa jua hupunguza nguvu ya dawa. Elekeza bomba chini ya majani, utitiri anakoishi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, maana mayai yaliyobaki yataanguliwa.

Mwarobaini hufanya kazi polepole. Shamba likishafunikwa na utando, hautaliokoa. Kwa hiyo kagua majani kila wiki na uanze mapema. Ng'oa na kuchoma miche iliyoshambuliwa sana. Fanya kazi kwanza kwenye miche mizima, ndipo uende kwenye migonjwa, kwa sababu utitiri husafiri kwenye nguo na mikono.

Dawa ya asili nayo ni dawa. Iweke mbali na watoto, nawa mikono, na uoshe nyanya kabla ya kula.

Maswali ya kujadili

- Msimu uliopita tulitumia fedha kiasi gani kwa dawa? Zilisaidia?
- Miarobaini iko wapi kijijini kwetu, na nani atakusanya mbegu kabla ya kiangazi?