Lengalenga Nyuma ya Nyumba



Ugali wa muhogo unashibisha, lakini peke yake haujengi damu. Mtoto mwenye viganja vilivyopauka, mama mwenye mimba anayesikia kizunguzungu: mara nyingi hao wamepungukiwa damu. Mboga za majani zina chuma kinachosaidia kujenga damu, na vitamini A inayolinda macho. Tuta moja nyuma ya nyumba linatosha kuanza.

MBEGU. Epinari ya Ulaya haipendi joto. Hutoa maua upesi, majani yakawa machache. Panda lengalenga, inavumilia jua letu.

MAHALI. Hapa Lulimba angalia sana neno hili. Zebaki, yale maji mazito meupe yanayokamata dhahabu, hutoa moshi ikichomwa, na moshi huo huanguka juu ya majani na udongo. Kupika hakuiondoi. Inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Usilime karibu na mahali pa kuichomea, wala usimwagilie maji yaliyooshea mchanga wa dhahabu.

KAZI
1. Lima tuta la upana wa meta 1, ufikie katikati bila kulikanyaga.
2. Tia mbolea ya mbuzi au kuku iliyooza vizuri. Kinyesi cha mtu usitie kabisa: kinaleta minyoo na kolera.
3. Mbegu ni ndogo. Zichanganye na mchanga mkavu. Panda kwa mistari, funika kwa udongo usiozidi sentimeta 1.
4. Kiangazi mwagilia asubuhi na jioni. Miche iliyobanana, ing'oe uipike.
5. Baada ya majuma 4 hivi anza kuvuna. Ukikata shina na kuacha sentimeta 15, litachipua tena.

JIKONI. Osha kwa maji safi kwanza, ndipo ukate. Usipike muda mrefu. Tia mawese, maana vitamini A inataka mafuta. Kamulia ndimu, au kula pera baadaye: chuma kitaingia mwilini vizuri zaidi. Chai ingoje saa moja au zaidi, kwa sababu inazuia chuma.

Lakini mboga haiponyi malaria wala minyoo, ambazo nazo hula damu. Mtoto aliyepauka na anayehema haraka, mlete dispensari siku ile ile, usingoje lengalenga iote.

Bwana ashike jembe, bibi ashike mbegu, watoto walete maji. Afya ya jamaa ni kazi ya wote.