Moto upi? Neno moja, maana nyingi zahanati

Tuseme mama anafika zahanati usiku na kusema: "Bwana yangu amepata ajali ya moto." Muuguzi aliyekulia Tanzania atafikiri mgonjwa ameungua. Lakini kwa mtu wa Uvira au Bukavu, moto ni pikipiki pia. Huenda mgonjwa amevunjika mguu.

Maneno haya mawili hayana undugu wowote. Moto unaowaka ni neno la Kibantu la tangu zamani. Moto ya kupanda imetoka katika Kifaransa, ambako ni kifupi cha motocyclette. Yamefanana kwa sauti tu. Kilingala nacho kinaongeza mengine: sauti ikipandishwa au kushushwa, moto ni mtu, au ni kichwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "moto" inamuuma huenda hakuungua wala hakuanguka.

Jambo hili si la kuchekesha tu, kwa kuwa huduma ya kwanza ni tofauti kabisa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba mahali palipoungua kwa dakika 20. Avuliwe pete, bangili na nguo ambazo hazijanata kwenye ngozi. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala majivu, hata kama bibi anasisitiza. Aliyeanguka na pikipiki asiinuliwe ovyo wala kukalishwa, maana kama shingo au mgongo umevunjika, kumnyanyua vibaya kunaweza kumpoozesha. Hapo ndipo ndugu wenye haraka huleta madhara. Damu ikitoka, ikandamizeni kwa kitambaa safi, na mtu mmoja akimbie kuita msaada.

Tena kuna "mtoto ana moto", yaani ana homa. Huyo apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo.

Basi mkimwita mhudumu wa afya, msiishie kwenye neno moto. Semeni "ameungua", "ameanguka na pikipiki", "ana homa" au "kichwa kinamuuma", na mwonyeshe kwa mkono mahali penyewe. Mkalimani naye asitafsiri neno peke yake. Aulize kwanza: ilikuwaje, na mgonjwa alikuwa wapi? Akijibiwa "jikoni" au "barabarani", muuguzi atajua aanzie wapi.