Kakao yetu: tuanze na cheti ao na kupima mashamba?

Wengi munatuuliza: pesa ya koperative ikitosha kazi moja tu, tuanze na nini? Sisi tunasema: kupima mashamba.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kakao na kahawa ya shamba lililokatiwa pori nyuma ya tarehe 31/12/2020. Cheti peke yake hakitoshi. Kiwanda cha chokoleti kinahitaji pointi ya GPS ya kila shamba. Likipita hekta 4, muzunguke mipaka yote.

Pa depo, musichanganye. Gunia moja lisilojulikana shamba lake linaweza kukatalisha loti nzima, hata ya wale waliofanya vizuri. Andikeni namba ya shamba siku ile ile ya kupima kilo, hapana kesho.