Kujiunga na Darasa la Porini: Somo kwa Wazazi wa Tabora



Katika somo hili tunaangalia jambo ambalo wazazi wanaweza kulifanya bila kusubiri fedha wala jengo. Jambo lenyewe ni majirani kuungana na kwenda na watoto wao porini kwa utaratibu, ili watoto wajifunze kwa macho, mikono na miguu yao. Katika nchi nyingine mpango huu huitwa shule ya msituni. Sisi tutauita darasa la porini, kwa sababu neno hilo linaeleweka kwa kila mtu hapa Tabora.

Tunaomba neno moja likumbukwe tangu mwanzo. Katika darasa hili mzazi hampeleki mtoto na kuondoka. Mzazi ndiye anayejiunga, na mtoto huja pamoja naye. Mengine yote tutakayosema yanategemea hilo.

Wazo hili si geni kwetu

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, yaani eneo la Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoezwa kubeba vipembe vidogo vya ndovu tangu utotoni. Wanawake na watoto nao walisafiri katika misafara. Kujua maji yalipo, tunda linaloliwa na dalili za mvua ilikuwa elimu ya kuokoa maisha, na iliyoitoa ni watu wazima waliotembea pamoja na watoto.

Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mema. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, wakiwemo watoto, na mizigo iliumiza mabega ya wengi. Tunachochukua ni kitu kimoja tu: mtoto alijifunza pori akiwa na mtu mzima aliyelijua.

Mbali na hapa, huko Denmark, katika miaka ya 1950 mama mmoja aitwaye Ella Flatau alizoea kutembea msituni na watoto wake na wa majirani. Wazazi wengine waliona faida yake, wakaungana, wakaanzisha chekechea isiyo na jengo. Mwaka 1993 watu wa Chuo cha Bridgwater nchini Uingereza walikwenda Denmark kuona chekechea za aina hiyo, wakarudi na wazo hilo kwao. Kwa hiyo jambo ambalo leo linasifiwa Ulaya lilianza kwa mama na majirani zake, wala si kwa mradi mkubwa.

Kwa nini tuanze sasa?

Sababu ya kwanza ni pori lenyewe. Miti ya miombo inakatwa kwa ajili ya mkaa, mashamba mapya na kuni za kukaushia tumbaku. Mtoto wa mjini anaweza kumaliza shule ya msingi akiujua mkaa vizuri, lakini asiutambue mti uliotoa mkaa huo. Asichokijua hataweza kukilinda.

Majirani zetu wa Shinyanga wanatufundisha hapo. Ardhi yao ilikuwa imebaki tupu sehemu nyingi. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Miti ilirudi katika maelfu ya hekta. Desturi hiyo iliweza kufufuliwa kwa kuwa bado walikuwepo wazee walioikumbuka. Je, watoto wetu watakuwa na nini cha kukumbuka?

Sababu ya pili ni elimu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari hapa Tabora, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilimtenga mtoto na jamii yake, ikamfanya adhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Darasa la porini linamrudishia mtoto bibi yake na babu yake kama walimu.

Mambo matano ya kukubaliana kabla ya kujiunga

1. *Shule haiachwi.* Elimu ya awali na ya msingi ni haki ya mtoto, na katika shule za serikali imekuwa ikitolewa bila ada tangu mwaka 2016. Darasa la porini ni la Jumamosi asubuhi, la likizo, au la asubuhi mbili kwa wiki kwa wadogo ambao hawajafikia umri wa shule.

2. *Mahali na ruhusa.* Anzeni na kipande kidogo cha pori kilicho karibu, ambacho mtoto wa miaka minne anakifikia kwa miguu. Kama ni ardhi ya kijiji, ombeni ruhusa kwa halmashauri ya kijiji. Kama ni hifadhi ya serikali, nendeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Msiingie kwanza na kuomba baadaye.

3. *Sheria ya watoto.* Wazazi wanapokuwepo na watoto wao, hilo ni kundi la majirani. Mkianza kupokea watoto ambao wazazi wao wameondoka, mnaelekea kuwa kituo cha kulelea watoto mchana, na vituo hivyo husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Muoneni afisa ustawi wa jamii mapema.

4. *Zamu.* Kila mzazi awe na kazi yake: anayetangulia njiani, anayefunga msafara nyuma, anayebeba maji, anayehesabu watoto. Kwa maoni yetu, mtu mzima mmoja asisimamie zaidi ya watoto wadogo wanne.

5. *Milango wazi.* Michango iwe ya vitu vilivyopo nyumbani, kama matobolwa, karanga au dumu la maji, ili maskini asione aibu kujiunga. Watoto wa dini zote na wa kabila lolote wakaribishwe. Mtoto mwenye ulemavu aje, na njia ichaguliwe kwa kumfikiria yeye kwanza. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, akae kivulini, na awe na mtu mzima wake wakati wote. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyoripotiwa tangu miaka ya 2000 yalifanya wazazi wengi wawafungie watoto hao ndani. Kundi la majirani wanaoaminiana linaweza kumrudishia mtoto huyo uhuru wa kutoka nje.

Masomo manne ambayo pori linatupa

*Majani mekundu.* Mwezi wa Septemba na Oktoba, nchi ikiwa kavu na joto kali, miti mingi ya miombo hutoa majani mapya yenye rangi nyekundu kabla tone la mvua halijaanguka. Waulizeni watoto: mti umepata wapi maji? Waacheni wabishane. Kisha waelezeni juu ya mizizi mirefu na maji yaliyohifadhiwa ndani ya mti.

*Uyoga na mti wake.* Mvua zikianza, uyoga hutokea. Uyoga mwingi unaoliwa katika miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama mtundu na myombo. Mti huupa uyoga chakula, nao uyoga huusaidia mti kupata maji na virutubisho kutoka ardhini. Ndiyo maana miti ikikatwa, uyoga huo nao hutoweka. Hapa mtoto anaelewa hifadhi bila hotuba.

*Mzinga wa gome.* Tabora inajulikana kwa asali, na kwa muda mrefu mizinga imetengenezwa kwa magome ya miti. Muombeni mfuga nyuki awaonyeshe mzinga mtupu. Waelezeni watoto kwamba mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa, kisha waulizeni: tupate asali kwa njia gani bila kuua mti unaolisha nyuki? Watataja wenyewe mzinga wa mbao.

*Mwembe wa njiani.* Mwembe si mti wa asili ya hapa. Asili yake ni Asia, na uliletwa bara kutoka pwani kwa njia ya misafara. Tembeeni hadi Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ambako David Livingstone alikaa kwa miezi kadhaa mwaka 1872 na ambako sasa pana makumbusho. Watoto wahesabu miembe mizee wanayoiona. Kisha waambieni ukweli wote, kwa maneno yanayofaa umri wao: chini ya miembe kama hii walipumzika wafanyabiashara na wapagazi, na pia watu waliofungwa minyororo.

Usalama

Pori si uwanja wa michezo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamishia watu wa sehemu nyingi za mkoa huu katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Kwa hiyo:

- Epukeni maeneo yenye mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo. Nguo nyeusi na za buluu huwavuta, hivyo chagueni rangi hafifu. Mtoto akipata homa isiyoisha, apelekwe zahanati na mhudumu aelezwe kwamba alikuwa porini.
- Mtoto asile tunda wala uyoga wowote bila idhini ya mtu mzima. Kwa uyoga, hata mtu mzima aulize mama au bibi anayeujua kwa hakika. Mwenye shaka aache.
- Msikaribie mzinga wenye nyuki. Msipige kelele karibu nao wala kuurushia mawe.
- Watoto wavae viatu. Mtu akiumwa na nyoka, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe kituo cha afya haraka. Msichanje, msifyonze.
- Msiwashe moto wakati wa kiangazi.
- Watoto wahesabiwe wakati wa kutoka, kila mnaposimama, na wakati wa kurudi.

Jihadharini na jambo hili

Mkoa wetu ni wa tumbaku, na watoto wengi wamefanya kazi katika mashamba hayo, ambako kushika majani mabichi yenye unyevu kunaweza kumlevya mtoto, akatapika na kuumwa kichwa. Ni rahisi darasa la porini kugeuka kuwa mahali pa kupata vibarua wadogo. Leo watoto waokote kuni kidogo kwa kuwa wako porini, kesho wabebe gunia, keshokutwa waende shambani kwa mtu. Mfikirieni yule mtoto wa msafara aliyebeba kipembe. Alijifunza njia, lakini mzigo haukuwa wake. Sisi tunataka watoto waijue njia bila mzigo. Kundi liandike katika kanuni zake: hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna kibarua siku ya darasa.

Wapo pia watakaosema huu ni mchezo wa kupoteza muda, na kwamba wasichana wabaki nyumbani kusaidia mama. Msibishane nao sana. Waalikeni waje siku moja na binti zao, wawasikilize wakitaja miti kwa majina.

Namna ya kuanza

Familia tatu zinatosha. Kutaneni baada ya ibada, msikitini au kanisani, au chini ya mti wa mtaani. Someni mambo matano yaliyo juu. Tafuteni mzee mmoja anayelijua pori na mwalimu mmoja aliye tayari kushauri. Nendeni mara ya kwanza wazazi peke yenu, mkague njia. Mara ya pili nendeni na watoto, kwa saa mbili tu. Mkirudi, ketini mjiulize nini kilikwenda vizuri na nini cha kurekebisha. Mzazi asiyeweza kuja wiki hiyo, mtoto wake asubiri wiki ijayo. Ni kanuni ngumu, lakini ndiyo inayolifanya kundi liwe la wazazi kweli.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, ni miti mingapi ya hapa kwetu tunaweza kuitaja sisi wazazi? Tulifundishwa na nani?
2. Ni pori gani lililo karibu, nalo liko chini ya nani?
3. Ni watoto gani wa mtaa wetu ambao hawatoki nje, na kwa nini? Tuwafikie namna gani?
4. Nani kati yetu anaweza kutoa asubuhi moja kila wiki mbili?
5. Tutafanya nini ili siku ya darasa isigeuke siku ya kazi?