Mgonjwa wa Ulaji na Simu Yake: Maelezo kwa Familia

Kuna ugonjwa ambao wengi wetu huuita maringo. Binti anaanza kwa kuacha wali, mara anaacha na ugali, kisha kila jioni anasema ameshakula kwa rafiki yake. Mwingine anakula na wenzake vizuri tu, lakini akinyanyuka mezani anakimbilia chooni na kufungua bomba ili asisikike. Majirani watasema anajidai, shangazi atasema amerogwa.

Madaktari huuita ugonjwa wa ulaji, na una aina kadhaa. Anoreksia ni kujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa. Bulimia ni kula kwa wingi kisha kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha. Wapo pia wanaokula kwa wingi bila kuweza kujizuia, hawatapiki, bali hubaki na aibu isiyosemeka. Ugonjwa huu huwapata wavulana na watu wazima pia, na hutokea kwa wembamba na wanene. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Usingoje mtu abaki mifupa ndipo uamini kwamba anaumwa.

Kabla ya simu ilikuwapo televisheni

Mwaka 1995 televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imefika Nadroga, katika visiwa vya Fiji, kwa watu waliouhesabu mwili mnene kuwa alama ya mtu aliyetunzwa. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule wakati huo, na hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Aliporudia uchunguzi mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema hivyo. Anayedhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu peke yao aitafakari Fiji, maana sifa ya unene waliyokuwa nayo ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu.

Televisheni, hata hivyo, huonyesha kijiji kizima kipindi kilekile. Simu humchagulia kila mtu cha kwake.

Jinsi simu inavyomfuata mgonjwa

Tuseme msichana anataka gauni la harusi ya dada yake limkae vizuri. Anatafuta mazoezi ya tumbo na kuitazama video moja hadi mwisho. Mtandao unapima alivyokawia hapo, unamletea chai ya kukausha mafuta, kisha binti anayeonyesha chakula chake cha siku nzima: tufaha, kahawa na maji. Hakumfuata binti huyo wala hakumtafuta. Alikawia tu kumtazama, na kwa mtandao kukawia ni sawa na kuagiza.

Mwaka 2022 shirika moja la kupambana na chuki mtandaoni lilifungua akaunti mpya za TikTok kana kwamba wenyewe ni watoto wa miaka 13, likawa linatua kwenye video za mwili na afya ya akili na kuzipenda. Katika akaunti mojawapo, mambo ya ugonjwa wa ulaji yalijitokeza ndani ya dakika 8. Nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, zilizofichuliwa mwaka 2021, zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana walisema wanapouchukia mwili wao, Instagram huwazidishia.

Njaa nayo ina kazi yake hapa. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi kadhaa ili sayansi ijifunze. Baadhi yao walianza kusoma vitabu vya mapishi na kuota chakula usiku. Basi ukimkuta mwanao hali kitu lakini anatazama mapishi hadi saa nane za usiku, usimwone mnafiki. Ubongo wenye njaa humsukuma huko, na simu haichoki kumletea.

Yapo pia makundi ya siri ambamo wagonjwa huhimizana kujinyima. Ni hatari kweli, lakini humo mgonjwa hupata watu wasiomcheka, na ndiyo maana kumtoa ni kazi. Kuyafungia hakutoshi: mwaka 2025 TikTok ilizuia neno moja maarufu la kusifia wembamba uliokithiri, lakini kwa kawaida watumiaji hugeuza herufi na kuendelea. Kwa upande mwingine, wapo waliopata mtandaoni ujasiri wa kwenda hospitali. Tunachosisitiza ni kwamba hata kurasa za waliopona huumiza zinapoweka picha za kabla na baada.

La kufanya nyumbani

Usimpokonye simu kwa ghadhabu. Atatafuta nyingine, na wewe utakuwa umepoteza mlango wa kuzungumza naye. Mwambie: "Mwanangu, naona chakula kimekuwa kizito kwako. Sikugombezi. Nataka tuubebe mzigo huu sote." Akijibu, "Mama, niko sawa," usibishane naye, rudi tena kesho.

Akikubali, kaeni mfungue simu pamoja. Kwenye video ya kujikondesha, bonyezeni na kushikilia, kisha mchague kwamba hampendezwi nayo. Acheni kufuata wauza chai na dawa za kupunguza mwili. TikTok na Instagram zina sehemu kwenye mipangilio ya kufuta mapendekezo na kuanza upya; itumieni. Wakati wa kula, simu za wote ziwekwe mbali, ya baba ikiwamo.

Wakubwa nasi tuache salamu za "umenenepa" na "umekonda, umependeza". Mgonjwa huzibeba wiki nzima.

Usichelewe hospitali

Kuzimia, mapigo ya moyo yasiyo sawa, kutapika damu au kukataa hata maji ni dharura. Kujitapisha mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla kwa mtu anayeonekana mzima. Aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kingi kwa mpigo; hilo nalo laweza kumuua, kwa hiyo arudishwe kwenye chakula chini ya uangalizi wa daktari. Hospitalini omba aonwe pia na mtaalamu wa afya ya akili, na useme wazi kila ulichokiona, hata cha chooni. Kwa mtoto aliye Tanzania, Kenya au Uganda, unaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto. Piga leo.