SOMO LA AFYA: KIU MOJA, MAGONJWA MAWILI

Ndugu msomaji, tukimwona mtu anakunywa maji mno na kukojoa mara kwa mara, twasema, "Ana kisukari." Huenda ni kweli. Insulini ya kongosho ikipungua, au mwili usipoitii, sukari huzidi katika damu, huingia katika mkojo na kuvuta maji mengi.

Lakini yuko mgonjwa mwingine, ambaye sukari yake ni ya kawaida. Huyu amepungukiwa na vasopresini, homoni itokayo ubongoni kuziamuru figo zirudishe maji mwilini. Mkojo wake ni mwingi, mweupe kama maji. Jina la kitabibu la ugonjwa huu lilifanana na la kisukari, likawachanganya hata wauguzi. Ndiyo maana mwaka 2022 wataalamu walipendekeza uitwe upungufu wa vasopresini.

Basi tushike mambo mawili. Kwanza, damu na mkojo vipimwe kabla ya kuutaja ugonjwa. Insulini haimfai huyu wa pili. Dawa yake ni desmopresini. Pili, tusimnyime maji mwenye kiu ili apunguze kukojoa. Mgonjwa huyu akinyimwa hukauka upesi, naye aweza kufa.